Kwangu Inawaka, Hekaluni Inazima

Jumatatu, 30 Juni
Pikapu ya hekalu imerudi gereji kwangu. Mara ya nne! Wameisukuma wanaume sita, mzee Samruay, dereva wao, akishika usukani na kutoa amri. Betri imekufa kabisa. Nimeichaji, nimewasha, nimepima: volti kumi na nne na ushee. Alteneta inayochaji betri nzima, fyuzi nzima, nyaya nzima. Mgonjwa hana ugonjwa! Imeondoka inanguruma.

Na Jumapili ndiyo siku yenyewe. Mwanangu Decha anaingia utawa kwa msimu wa mvua, na atapelekwa hekaluni juu ya pikapu hiyohiyo. Kwetu mama hufika mbinguni kwa kushika pindo la joho la mwanawe. Mimi nina mwana mmoja tu, kwa hiyo pindo ni moja.

Decha naye anatafuta mlango wa kutokea. "Mama, ikizima tena, hiyo ni ishara. Narudi zangu Bangkok." Kayasema hayo huku anamaliza wali wangu wa kunata.

Jumanne, 1 Julai
Imezima kwenye geti la hekalu. Nimekwenda na mita yangu ya kupimia umeme. Mzee Samruay kanizuia: "Subiri kwanza, binti, niitayarishe." Kainama ndani ya boneti, mgongo kanigeuzia, dakika tano nzima. Nikadhani anasali.

Nimepima. Kila kitu kizima! Nikashuku vitaa vya rangi vinavyomzunguka Buddha wa kwenye dashibodi, nikavifungua. Luang Pho Chuen, mkuu wa hekalu, alitaka kuviona. Mwanamke hampi mtawa kitu mkono kwa mkono, basi naweka juu ya kitambaa, yeye anaokota. Kitaa. Kitambaa. Skrubu. Kitambaa. Imetuchukua nusu saa kwa skrubu tatu. Luang Pho alicheka sana. Anapenda magari kuliko mahubiri.

Alhamisi, 3 Julai
Mpiga ramli wa sokoni kasema kosa ni rangi: kijani hakipatani na siku aliyozaliwa Luang Pho. Kupaka upya ni ghali, basi sasa nyuma ya pikapu kuna stika: GARI HILI NI JEKUNDU. Nayo ni kijani kama jani la mgomba!

Imezima saa nne asubuhi.

"Labda haijui kusoma," kasema Decha. Nimecheka, kisha nikaenda chooni nikalia kidogo. Fundi umeme wa magari miaka ishirini na mbili, halafu nashindwa na pikapu ya watawa.

Ijumaa, 4 Julai
Nimefunga alteneta mpya na waya mpya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri. Imetembea kutwa, haikukohoa hata mara moja. Nimemwonya mzee Samruay asiguse chochote.

"Mimi sigusi kitu, binti. Luang Pho ataibariki tu, kama kawaida."

Nikamwambia baraka haijaharibu gari la mtu.

Jumapili, 6 Julai
Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Watu wanadhani napiga hesabu za umeme, wamekaa kimya kwa heshima.

Imezima! Katikati ya mashamba ya mpunga, hekalu linaonekana kwa macho. Ngoma zimenyamaza. Shangazi zake Decha wamesimama, mikono bado iko hewani. Decha kaketi juu ya paa la pikapu, kichwa kimenyolewa, mavazi meupe, na miguu yake hairuhusiwi kugusa ardhi mpaka hekaluni.

Mzee Samruay alikuwa nyuma kabisa, anacheza. Basi leo boneti nimefungua mwenyewe, na nimeona.

Uzi! Uzi mweupe wa baraka, umezungushwa mara tisa kwenye kichwa cha betri, na kibano cha waya kimekazwa juu yake. Chuma hakigusi chuma vizuri. Umeme utapita wapi?

Mzee Samruay kaja mbio: "Usiguse! Mwanamke hagusi uzi huo!"

"Uzi huu umekuwepo siku zote?"

"Siku zote. Nautoa kila unapotaka kufungua boneti, binti. Nakuheshimu wewe, na uzi nauheshimu. Ukimaliza, Luang Pho anafunga mwingine."

Mara zote hizo! Na alteneta yangu mpya juu!

"Basi utoe sasa."

"Leo? Mbele ya watu? Nimwondolee mwanao baraka siku yake?" Kaficha mikono kwapani. Hata kwa risasi hatoi. Kisha kaniambia nisihofu, amempigia simu Luang Pho. Anakuja kwa miguu kuibariki upya. Safari hii kaona mara tisa hazitoshi, analeta kibunda kizima cha uzi.

Nikikata mimi, watasema mama mtu kakata baraka ya mwanawe kwa mkono wake. Nisipokata, haiwaki, na Decha kapata ishara yake. Nimeogopa, naandika wazi. Koleo liko chini ya daftari.

Mwavuli wa Luang Pho umeshakata kona.

Nimeinua macho. Aliye juu ya paa ndiye peke yake anayeona juu ya vichwa vya watu wote, mpaka huku ndani ya boneti. Alikuwa ananitazama. Nikangoja aseme ishara.

Kainama, kanong'ona: "Mama, kata upesi. Mimi sijaona kitu." Kisha kageukia shangazi zake, kapiga makofi, kawaambia waimbe, mbona wamepoa hivyo!

Ngoma zimeanza. Wote wanamtazama yeye. Naweka kalamu, nashika—