Tuliombea Kompyuta ya Makandi, Sasa Haimsikii

Mshauri wetu wa redio, nimekusikiliza miaka mingi na nimeshauri wengine na maneno yako, leo ni mimi naomba unisaidie. Mimi ni mkulima wa viazi hapa Kibirichia, na nina binti anaitwa Makandi, sijisifu lakini huku kwetu hakuna mwingine kama yeye, anaandikia watu wa Nairobi programu akiwa chumbani kwake, tena kompyuta anaiamrisha kwa maandishi tu kwa dirisha jeusi, hasongezi vitu na kidole kama sisi. Niliweka sheria hakuna mtu kuigusa, hata baba yake nilimfukuza na kikombe chake cha chai.

Sasa Jumapili Makandi alikuwa ameenda Nchiru kuona rafiki, kina mama wa kanisa wakaja kushukuru Mungu kwa hiyo kazi, na Mama Rwamba akasema tuwekelee kompyuta yenyewe mikono, nami nikaona haiwezi kuombewa ikiwa imefungwa, nikaifungua, maana neno la siri ni jina langu, hebu ona vile mtoto ananipenda. Ikaleta maandishi inataka apdeti, na kwa vile kina mama walikuwa wananiangalia nikakubali kama mtu anayejua, ikajizima kabla ya Amina, ikaja kuwaka ikiwa sawa kabisa kwa macho.

Lakini tangu Jumatatu Makandi akiandika amri, inamjibu haijui hicho kitu. Aliniuliza, "Mami, kuna mtu ameshika mashini yangu?" Nikasema hakuna. Basi anajilaumu, hali chakula, na kazi inatakiwa Ijumaa. Amesema leo jioni atafuta kila kitu aanze upya, na kwamba labda hii kazi si yake. Nimejuta mpaka nashindwa hata kumwangalia. Nifanye nini?

Mama Makandi

Mama Makandi, nakujibu kwa simu kabla sijasoma barua yako hewani, kwa sababu jioni haikungoji. Pole, na hongera kwa binti. Kuomba hukukosea. Kukubali usichokijua ili Mama Rwamba akuone, hapo ulikosea, lakini kubwa ni lile "hakuna". Mtoto anatafuta kosa kwa kazi yake, mahali ambapo halipo, kwa kuwa alikuamini.

Nimeuliza fundi. Apdeti, yaani kompyuta kujisasisha, mara nyingi huvuruga vile vifaa vya kuandikia programu, na vinawekwa tena, lakini kazi yake yenyewe kwa kawaida haiguswi. Akifuta kila kitu ndipo itapotea. Akijua kulikuwa na apdeti, atajua pa kuanzia, na habari hiyo katika nyumba yenu unayo wewe peke yako.

Kwa hivyo weka simu chini uende kwa mlango wake. Usibebe chai, usianze na hadithi ya kina mama. Sema, "Ni mimi nilishika. Niliiapdeti Jumapili." Akikasirika, mwache akasirike. Na akibadilisha neno la siri, usimuulize jipya ni lipi.