Saa Tisa ya Baba Mkubwa

Jumanne, 3 Machi 2026

Programu inafanya kazi! Nimeiita Saa ya Ndugu. Mtu yuko Kasulu, ndugu yake yuko Marekani, wanapanga simu, programu inamwambia kila mmoja saa yake. Mwajabu, ninayechangia naye fremu ya duka — yeye anauza simu, mimi nina meza na laptopu — anasema nitatajirika nimsahau.

Mteja wa kwanza ni mimi mwenyewe. Jumapili Ndayisenga na wazee wake wanakuja kutoka Makere kuniposa. Baba alishafariki, kwa hiyo wa kujibu posa ni baba mkubwa Harerimana, aliyeko Ohio, Marekani. Kasema atapiga saa moja asubuhi ya kwake, kabla gari la kazini halijamchukua. Programu ikajibu: kwenu saa tisa alasiri. Shangazi Epifania keshatangaza mpaka kanisani.

Ijumaa, 6 Machi

Balaa! Mwajabu amefunga, midomo imemkauka, lakini habari hazimpiti. Kaka yake wa Kanada kamwambia Jumapili wanasogeza saa mbele. Nikacheka. Saa inasogezwaje? Na jua nalo linafuata? Nikatazama mtandaoni — kweli! Marekani nao! Kila mwaka!

Mimi nimekulia mahali ambapo jua na saa haviachani, Januari mpaka Desemba. Ndiyo maana kwenye programu niliandika: kwa Ohio ondoa saa nane. Basi. Kama vile dunia nzima inaishi Kasulu!

Nimeshinda nalo hilo. Ile nane nimeifuta. Sasa programu inashika jina la mji, halafu inatafuta yenyewe mji huo unafuata saa gani tarehe hiyo. Nimeijaribu kwa Ohio. Jumamosi: tofauti saa nane. Jumapili mchana: saba. Safi! Ulaya wanasogeza mwisho wa mwezi — kwa nini wasikubaliane, Mungu wangu? Mwajabu anasema hao watu hawana kazi.

Nimemnunulia tende za kufuturu.

Jumamosi, 7 Machi

Kusuka. Kichwa kinauma. Shangazi ananifunda: kesho nisiongee, nikae chumbani mpaka niitwe. Nimesema sawa. Hakuamini.

Jumapili, 8 Machi

Jamani. Jamani!

Saa nane mchana simu ya video inaita. Baba mkubwa, kavaa tai! Mimi na khanga kifuani, wageni hata Makere hawajatoka. Anauliza mbona sebule tupu. Nikaelewa palepale. Nilirekebisha programu, miadi ya zamani sikuigusa. Ile saa tisa ilishapigiwa hesabu Jumanne kwa nane yangu, ikakaa humo humo. Mjinga mimi!

Hakukasirika. Alisema amekubali, Ndayisenga ni mtoto wa watu. Kisha akashusha sauti: mwana wanje, mwanangu, kuna mtu amekuuliza wewe kama unamtaka? Nikafungua mdomo — gari likapiga honi, akaondoka. Kazini kwao simu zinafungiwa kabatini mpaka watoke.

Sasa wageni wamejaa sebuleni, mimi niko chumbani naandika ili nisilie. Bila neno la upande wa baba hata soda haifunguliwi. Nimemweleza shangazi kila kitu kwa kunong'ona. Anasema neno hilo lazima litoke kwa aliyelisikia, na yeye hakulisikia, na kaokoka, hawezi kudanganya. Aliyelisikia ni mimi peke yangu. Na mwali anayeposwa hajisemei. Haijawahi kutokea kwetu.

Ndayisenga anakohoa. Nakijua kikohozi chake cha woga. Namtaka huyu mtu! Namtaka sana, na baba mkubwa alikata simu bila kunisikia nikisema.

Mzee wao anasema basi, labda warudi baada ya Pasaka. Viti vinaburuzwa.

Nimevaa viatu. Mkono wa kushoto uko kwenye kitasa cha mlango wa sebuleni, huu wa kulia bado unaandika —