Nimemwambia Madam Uko Nyumbani

Mwanangu Kazungu,

Nakusalimu sana. Nisalimie bibi yako mzee na magoti yake yanayouma, mama mdogo Sidi, dadako Mapenzi, na mtoto wa Mapenzi ambaye bado sijambeba. Hapa Jedda mimi ni mzima, joto tu halina adabu.

Sidi amenieleza kwenye simu kwamba unataka kuandikwa jeshi.

Jana nilikuwa napiga pasi kanzu za bosi, mkewe madam anatazama filamu ya Wajapani. Wanasema Kijapani, maandishi ya Kiarabu. Kijapani sijui, Kiarabu siwezi kukisoma, lakini nilielewa yote. Mama anapika wali, anamngoja mwanawe aliye jeshini. Linaanguka bomu moja tu, mji wote unakwisha. Mwana anarudi mzima na bunduki yake, hakuna wa kumfungulia mlango. Hata mlango hakuna.

Tukasikia harufu ya kuungua. Tulidhani ni ile filamu. Kumbe ni kanzu ya bosi, bega lote.

Madam hunigombeza hata kwa kijiko kimoja kikipotea. Jana aliitazama kanzu akasema, "Halas, Dama, yameisha, kaa." Mwanawe yuko jeshini, huko mpakani na Yemeni. Tukakaa mkeka mmoja, tukala tende.

Akaniuliza, "Na wako yuko wapi?"

Nikamwambia, "Yuko nyumbani kwa bibi yake."

Kula vizuri baba, usilale na nguo mbichi. Nijibu upesi, nijue kama nilisema kweli.

Mamako, Dama