Mpishi Amelala

Malaba,
Agosti 1996.

Dada yangu mpendwa Anyait,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa nyumba yangu yote, katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Ni matumaini yangu kwamba wewe, shemeji Josiah na watoto mko wazima huko Kitale. Mguu uliokuwa ukikusumbua unaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Mvua imetutosha, na karanga za Amukura zimejaa sokoni. Nimekuwekea gunia dogo.

Najua uliingiwa na hofu uliposikia kwamba nilianguka barabarani. Habari hiyo ni ya kweli, ila haikukufikia yote, ndiyo maana nimekaa kitako leo nikuandikie.

Unaijua hoteli yetu hapa kando ya barabara. Madereva wa malori wanaosubiri forodhani hawana saa ya kula. Mmoja anataka chai na mandazi kabla jua halijatoka, mwingine anagonga dirisha nimeshafunika moto. Kutoka hapo narudi nyumbani, namkuta mama mkwe hajapata uji, na nguo za watoto zinaningoja kwenye karai. Jumapili ndiyo ilikuwa nzito kuliko zote, kwa sababu nikitoka jikoni kwangu naingia jikoni mwa kanisa. Harusi, matanga, mgeni kutoka dayosisi, sufuria ni zangu mimi Akiror. Mama Gaudencia, mwenyekiti wetu wa Umoja wa Akina Mama, akinikuta nimekaa alikuwa akiniuliza kama nimestaafu. Wenzangu walicheka, nami nilicheka, kisha nikainuka.

Basi nilianguka karibu na daraja la mpakani, katikati ya malori mawili, nikiwa na kikapu mkononi. Mama mmoja wa ng'ambo anayeuza matoke alinimwagia maji usoni, akanikinga jua kwa leso yake, huku akisema bambi, nyabo, bambi, yaani pole, mama, pole, kwa lugha yao. Mume wangu Ojakol alikuja mbio akanipeleka zahanati. Nilichomwa sindano za malaria, zikaisha, nami bado nilishindwa hata kuinua birika. Ndipo aliponipeleka hospitali ya misheni kule Nangina.

Huko alinipokea mtawa mmoja muuguzi, Sista Vivianne. Baada ya kunipima aliniambia sina malaria. Damu yangu imepungua, na mwili wangu umechoka kabisa. Aliniuliza ni lini nilikula chakula nikiwa nimekaa. Dada, nilifikiri, nikafikiri tena, sikuikumbuka siku hiyo. Yeye hakucheka. Alivuta kiti, akaniwekea sahani mapajani, akakaa hapo mpaka nikamaliza.

Niliona aibu kubwa. Mtu akitoka hospitali anataka kuwa na ugonjwa wa kutaja. Nitawaambia nini watu wa Malaba? Kwamba nililazwa kwa kuchoka, wakati kila mwanamke ninayemjua amechoka? Nikawa najigeuza kitandani nikimwomba Mungu anisamehe uvivu wangu.

Siku moja nilisoma habari za Eliya, alivyokimbilia jangwani akaomba afe. Tumeisikia mara nyingi, lakini siku hiyo niliona kitu ambacho sikuwahi kuhubiriwa. Malaika hakumkemea. Hakumwambia aongeze maombi. Alimpikia mkate, akamwekea maji, na Eliya alipokula akalala tena, malaika alimwacha alale. Nikafikiri pia jinsi Bwana mwenyewe alivyolala chomboni, watu wakilia na mawimbi. Hakuna aliyemwita Yesu mvivu. Nililia mpaka mto ukalowa, kisha nikalala usingizi ambao sijaulala tangu nilipokuwa msichana kwetu.

Nilirudi nyumbani na neno moja. Nilimwambia Ojakol kwamba Jumapili hoteli itafungwa, na mimi nitapumzika. Alisema Jumapili ndiyo siku malori yanapojaa, na tukifunga, madereva watahamia kwa wengine. Nilijua anasema kweli. Nilibaki nimetazama chini, na sijui kama ningesimama imara.

Aliyenisimamia ni mtu ambaye hukumtarajia, wala mimi. Ni mama mkwe. Unajua nilivyokuwa nikimwogopa mama yule. Alikuwa amekaa mlangoni akitusikiliza, akamwita mwanawe na kumwambia, "Mimi nilipika hivyo kwa baba yako. Nilizaa Jumatatu, Jumatano niko shambani. Mtoto yule alikufa, na mimi nikabaki na mgongo huu. Huyu hutamtia kaburini nikiangalia."

Jumapili alijikokota mpaka hotelini na kigoda chake, akakiweka katikati ya mlango, akakalia. Madereva walipokuja kuuliza chakula, aliwajibu, "Mpishi amelala." Hakuongeza neno. Wengine walicheka, wengine walinung'unika, wakaenda zao. Jumatatu walirudi wote, na mmoja akaniuliza kwa adabu kama nililala vizuri.

Sasa nikueleze ya kanisani, maana hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kulikuwa na kongamano la akina mama, makanisa kutoka Busia mpaka Amukura. Mama Gaudencia alinijia akitaka nisimamie jikoni kama kawaida. Nilimwambia kwa heshima kwamba safari hii nataka kuketi nisikie Neno. Alisema kumtumikia Mungu hakuchoshi. Nikamjibu kwamba kila mwaka tunahubiriwa habari za Martha, na mhubiri akimaliza tu anauliza chakula kiko wapi. Aliondoka bila kuniaga, na habari ikaenea kwamba Akiror amejiinua.

Siku yenyewe niliketi benchi la mbele, karibu peke yangu, kwa sababu wengi wa kanisa letu walikuwa nyuma kwenye moshi. Mchungaji alipoita ushuhuda, miguu yangu ilisimama kabla yangu. Nililosema pale, Dada, watu mia wamelisikia kabla yako, nawe uliyenibeba mgongoni hujalijua. Unisamehe kwa hilo.

Siku niliyoanguka sikuwa naenda sokoni. Ndani ya kikapu mlikuwa na gauni moja, leso na sabuni. Nilikuwa navuka daraja kwenda Uganda, na sikukusudia kurudi. Ojakol hakuwa amenipiga, wala sikuwa na mwanamume mwingine. Nilitaka tu kufika mji ambao hakuna mtu anayejua jina langu, nikodi chumba, nifunge mlango, nilale. Niliwaacha watoto wakinywa chai, na sikugeuka kuwatazama kwa sababu ningewatazama nisingeondoka. Naamini Mungu ndiye aliyenilaza pale chini kabla sijafika ng'ambo.

Ojakol alikuwa amesimama dirishani na wanaume wengine, na hilo alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Nikaona nimejimaliza. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Mama Gaudencia, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Alisema, "Mimi huwa najifungia choo cha kanisa ili nilale kidogo. Nimefanya hivyo miaka mingi." Alikuja akaketi kando yangu na unga wake, akanishika mkono. Akina mama wengine wakaanza kutoka jikoni mmoja mmoja, wakifuta macho kwa leso, mpaka mabenchi yakajaa na jikoni hamna mtu.

Mchungaji alivua koti. Aliwaambia wanaume wamfuate, na Ojakol alikuwa wa kwanza nyuma yake. Dada, ungeyaona! Ugali ulikuwa na madonge, nyama ilikuwa ngumu kama soli. Mume wangu alipita mbele ya watu wote amebeba beseni, akaninawisha mikono, na machozi yake yalidondoka ndani ya yale maji. Tulikula tumekaa, tukaimba tumekaa, na nyimbo zile zilisikika mpaka barabarani.

Usiku huo Ojakol hakuniuliza lolote. Aliniambia tu kwamba nikitaka kuvuka daraja tena, tutavuka wote, tutembee, turudi.

Nimekuandikia kwa sababu katika barua zako zote unasema u mzima, lakini mwandiko wako unazidi kulala chini. Njoo kwetu upumzike. Mpe shemeji barua hii aisome pia, na vyombo vya leo avioshe yeye.

Mama mkwe anakusalimu, Ojakol anakusalimu, watoto wanauliza mama mkubwa atakuja lini. Bwana awape usingizi mtamu nyumbani mwenu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Akiror