Slaidi ya Mtoto wa Paulina

Jumatatu, 9 Machi 1953

Mvua tangu alfajiri. Maabara nimepima vikopo kumi na kimoja vya choo, makohozi manne, damu saba. Rangi ya kupakia slaidi inaisha. Mama Daktari amesema ataagiza.

Saa kumi kasoro akaletwa kichanga wa siku nne. Mama yake ni Paulina, mke wa Ludoviki wa Marangu. Mtoto wao wa kwanza. Hana homa. Kitovu chekundu kidogo, na ananyonya kwa uvivu. Mama Daktari akasema tungoje jibu la damu kabla ya kuamua kumchoma penisilini. Nikamtoboa kisigino.

Malaria hakuna. Lakini zile chembe ndogo kuliko zote, zinazoziba jeraha damu isimwagike, ambazo Mama Daktari anaziita sahani ndogo, sikuziona. Kwa kawaida huwa zimetapakaa. Hapa nilipata mbili. Nikasogeza slaidi, moja. Nikasogeza tena, hakuna. Nikajiambia damu iliganda kabla sijaipaka, zikanasa kwenye bonge. Hutokea.

Ilinipasa kumtoboa tena. Saa ya kutoka ilikuwa imefika, nilikuwa na njaa ya mfungo, na mwezi uliopita nilishakaripiwa kwa slaidi mbovu. Sikutaka ionekane nimeharibu nyingine. Nikaandika: Malaria hakuna. Damu ya kawaida.

Jumanne, 10 Machi

Mama Daktari ameondoka asubuhi kwenda kliniki ya Bomang'ombe. Kabla ya kuondoka ameagiza kitovu kisafishwe kwa spiriti na mtoto akamuliwe maziwa, anyweshwe kwa kijiko. Sindano hapana. Amelitegemea jibu langu.

Saa nne Nesi Theresia alisimama mlangoni. "Kaka Aloisi, kile kisigino ulichotoboa bado kinachuruzika."

Tangu jana. Nikamwambia akifunge vizuri. Sikuinuka hata kwenye kiti.

Alipoondoka nikaitoa slaidi ya jana. Haikuwa mbovu. Damu imepakwa vizuri, chembe nyekundu zimekaa mojamoja, hakuna bonge hata moja. Sahani ndogo sikuziona kwa sababu mtoto hana. Kuna kitu kimeingia kwenye damu yake na kinazimaliza.

Theresia ana ruhusa ya kuanza penisilini Mama Daktari akiwa safarini. Nilikuwa natakiwa kutembea hatua ishirini tu na kusema nilikosea. Nikapima minyoo mpaka jioni.

Jumatano, 11 Machi

Mtoto ana madoa mekundu tumboni, madogo kama ncha ya sindano. Ukiyabonyeza hayapotei. Mwili baridi. Mama Daktari amerudi saa sita, penisilini ikaanza papo hapo. Akataka damu mpya. Nimehesabu mara mbili. Karibu hakuna kitu.

"Na ile ya Jumatatu?" akaniuliza.

"Zilikuwepo, Mama. Nyingi."

Akaomba aione slaidi. Nikasema nimeshaiosha. Ilikuwa kwenye droo, mkono wangu umeegemea hapo hapo. Alipotoka nikaiosha kweli. Maji yalikuwa mekundu kidogo, halafu meupe.

Alhamisi, 12 Machi

Amefariki saa mbili asubuhi. Damu ilimtoka puani. Theresia alikuwa ameshambatiza, jina Damiani.

Paulina hakulia kwa sauti. Ludoviki alitushika mkono sote, mmoja mmoja, kutushukuru. Wangu aliushika kwa mikono miwili.

Jumapili, 15 Machi

Sikupokea komunyo. Mama yangu aliona nimebaki kwenye benchi. Njiani akauliza kama nimegombana na mtu. Nikasema tumbo. Huo ni uongo wa pili, au wa tatu. Sijui tena nahesabu kutoka wapi.

Jumatano, 18 Machi

Mama Daktari alinikalisha akanisomea alichoandika. Anataka kukipeleka kwa madaktari wenzake Moshi mjini. Ameandika kwamba kichanga akiingiwa na vijidudu kwenye damu, sahani ndogo hupungua mwishoni kabisa, kifo kikiwa kimeshakaribia. Kwa hiyo daktari asizitegemee kumwonya mapema. Ushahidi wake ni jibu langu la Jumatatu: damu ya kawaida. Jumatano: hakuna kitu.

Alinisifu kwa kuhesabu mara mbili. Nikasema, "Asante, Mama."

Nilidhani nimeuficha ubovu wangu tu, yakaisha. Kumbe sasa unaandikwa, wengine waje kuusoma kama elimu. Mimi ni mwoga. Nayaandika haya hapa kwa sababu hapa hakuna anayenitazama.

Jumanne, 24 Machi

Saa tatu ameletwa kichanga mwingine. Wa kike, siku tano. Mama yake ni Bi Zuhura, mke wa fundi cherehani wa Kiboriloni. Amejifungulia nyumbani. Mtoto hana homa, ila anapumua haraka haraka na ziwa analiacha.

Nikamtoboa kisigino. Nikatazama. Chache mno. Nikatoboa mguu wa pili huku mama yake akigeuza uso. Vilevile. Nikahesabu, nikahesabu tena. Nikaipeleka karatasi mwenyewe.

Mama Daktari aliisoma, akakunja uso. "Kama zimeshuka hivi angekuwa anakata roho. Huyu haonekani hivyo. Umekosea kuhesabu, Aloisi. Rudia kesho."

Ningeweza kusema ndiyo, Mama. Mdomo ulishafunguka kusema hivyo. Angengoja kesho kwa sababu yangu, na kesho tungeyaona madoa.

"Sijakosea," nikasema. "Na mtoto wa Paulina alikuwa hivi hivi. Tangu Jumatatu. Niliona, nikaandika ya kawaida. Slaidi niliiosha baadaye, ulipoiulizia."

 Alimwita Theresia kwanza, akaagiza penisilini, sasa hivi, si baada ya chai. Halafu akaniambia nifunge mlango.

Hakupiga kelele. Aliuliza siku na saa ya kila kitu, nikamjibu, akaandika. Kisha akaufungua ule ukurasa aliotaka kuupeleka Moshi, akaupiga mstari kutoka juu mpaka chini. 

"Utampima huyu kila siku," akasema. "Baadaye nitaamua juu yako."

Alhamisi, 26 Machi

Bado chache. Lakini hazijapungua, na hakuna madoa. Nikimtoboa nakaa pale pale nikikibonyeza kisigino mpaka damu ikauke. Bi Zuhura ananiita daktari. Nimemwambia mimi si daktari. Amesema hilo ni la Mungu kujua, niendelee tu.

Theresia haniangalii usoni. Ameshaambiwa. Ana haki.

Jumamosi, 28 Machi

Zimeongezeka. Nimehesabu mara tatu, kisha nikamwomba Mama Daktari atazame mwenyewe. Aliinama kwenye hadubini muda mrefu. Akasema, "Ndiyo." Basi.

Mtoto ananyonya.

Nilifurahi kama dakika moja. Halafu nikamkumbuka Damiani, furaha ikawa kama kitu nilichomwibia Paulina.

Jumatano, 1 Aprili

Zimejaa slaidi nzima. Bi Zuhura ameondoka na mwanawe kwa lori la Moshi.

Mama Daktari ameniita. Nitabaki kazini. Slaidi zote zitatunzwa mwezi mzima, funguo za droo atakaa nazo yeye. Anaandika upya, kwamba kwa watoto hawa wawili sahani ndogo zilipungua mapema, kabla ya madoa, kabla ya homa. Na kwamba mpimaji alificha jibu la mtoto wa kwanza. Jina langu hataliweka. Akasema wazazi wa Damiani lazima waambiwe, atakwenda. Nikasema nitakwenda mimi.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Jana nilimweleza mama yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, akalipiga fundo, akanipa. Huku kwetu mtu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe.

Leo nimepanda nalo mpaka Marangu. Nilipofika kwenye njia ya kwao nikasimama. Nikafikiri: nikimpa hili hawezi kukataa, hata kama hataki. Nikaliacha lile jani kwenye majani ya ng'ombe kando ya mfereji, nikaingia mikono mitupu.

Ludoviki alikuwa anapogoa kahawa. Paulina anamenya ndizi mlangoni. Nikasema kwa sauti ndogo, sikuruka kitu. Slaidi, kisigino, droo, maji. Ludoviki aliweka kisu chini akaenda nyuma ya nyumba. Hakurudi.

Paulina aliendelea kumenya. Mwishowe akauliza, "Ungesema, angepona?"

"Sijui. Sindano ingeanza siku mbili mapema. Wa Kiboriloni ilianza mapema, amepona."

Akamenya ndizi nyingine. Kisha akasema, "Huku wanasema maziwa yangu ndiyo yalimuua."

Nikasema si maziwa. Vijidudu viliingia kwenye damu, pengine kwa kitovu. Maziwa hayana kosa.

"Sema tena, kaka," akaniambia. "Kwa sauti. Mama mkwe wangu yuko ndani."

Nikasimama, nikageukia mlango, nikasema tena kwa sauti. Maziwa ya Paulina hayana kosa. Mimi niliona na sikusema. Ndani kiti kilisogezwa. 

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba. Aliinua sufuria ya ndizi akaingia nayo jikoni, nami nikashuka. Ukungu ulikuwa umefunika mlima wote, njia ina utelezi. Nimefika kabla ya giza. Viatu nimeviweka karibu na moto vikauke.