Shaba Uliyoilainisha Wewe

Élisabethville, Jumapili mchana

Mama Ngoie, mke wangu uliye Mitwaba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa uani, mikono bado ina mafuta. Leo sikwenda Misa. Majirani wanakula. Mimi nimepika bukari, ugali wa mtu mmoja, nikala nusu tu.

Kamio yetu ya mizigo iliharibika tena wiki mbili zilizopita, kwenye barabara ya Luano. Moshi mweupe, maji ndani ya mafuta. Nilijua mara moja kwamba joint imeungua, lile bamba la shaba linalokaa kati ya kichwa cha moteri na mwili wake.

Unakumbuka mara ya kwanza? Kwenye garage ya Wazungu walitaka kukaa na kamio mwezi mzima, nami nilisimama mlango wa nyuma, kofia mkononi, mpaka wakafunga. Nilirudi nimekasirika, nikasema nitaitengeneza mwenyewe. Hukunicheka. Ulitoa kipande cha shaba alichokuachia baba yako, ukalaza joint ya zamani juu yake, ukachora matundu yote kwa mkaa. Nikaanza kukata kwa tindo, shaba ikagoma. Ukasema, "Tia ku moto kwanza, mpaka iwe nyekundu. Kisha tupa mu maji, itakuwa laini. Baba alikuwa anafanya vile ku atelier, kazini kwake."

Nikabisha. Ukaiweka mwenyewe juu ya makaa ya mbabula. Ilipotoka majini, uliikunja kwa vidole viwili.

Tulifanya kazi siku tatu. Ulikwaruza uso wa moteri kwa wembe mpaka ukang'aa. Ulipanga boulons za kichwa cha moteri juu ya kitambaa, kila moja mahali pake. Nilipotaka kuzikaza kutoka upande mmoja, ulinishika mkono.

"Anzia katikati, Baba Ngoie. Kidogo kidogo. Ukianzia pembeni, itapinda."

Moteri ilipowaka ulipanda ukakaa karibu nami, mafuta shavuni, tukaizunguka mitaa yote ya cité bila safari yoyote.

Halafu ikaja Jumapili ile. Rafiki yangu Kasongo na wenzake walikuja kunywa munkoyo, wakaikagua kamio, wakauliza nani alinifundisha. Wewe ulikuwa unapanga vikombe. Nikasema, "Ni mimi mwenyewe. Bibi anajua nini ku moteri?" Wakacheka. Uliweka kikombe cha mwisho, ukaingia ndani.

Mama yako alipougua, uliondoka kwenda Mitwaba na kamio ya mtu mwingine, na yetu ilikuwa nzima. Mama alipona kabla ya mvua. Hukurudi. Nilimtuma mtu, akaniletea jibu moja: "Mumwambie niko muzuri huku." Binti yetu Ngoie, tangu aolewe Jadotville, ananiandikia habari za watoto wake. Wewe hakutaji kamwe.

Safari hii nimefanya kazi peke yangu. Kwa haraka nilianza kukaza pembeni, joint ikapinda, maji yakavuja, nikafungua yote upya. Nilipochoma shaba nyingine, niligeuka kukuuliza kama imeiva. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaikodolea macho mpaka nikaichelewesha motoni, nayo ikaharibika. Ya tatu ndiyo iliyokubali, na leo asubuhi moteri imewaka bila kuvuja tone. Nilikaa mbele nikaisikiliza, kiti cha pili kitupu. Nikaizima. Sikujua niende wapi.

Kasongo alipita akanisifu. Nikamwambia kwamba kazi hii niliipata kwako, yote. Alidhani natania, akacheka. Mimi sikucheka, naye akaenda zake. Nilifikiri ningesikia nafuu. Lakini wewe hukuwepo kusikia, na maneno yale ya kwanza niliyasema mbele yako.

Najua katekista ndiye atakayekusomea barua hii. Nimemwomba asikusomee chumbani. Asome nje, kwa sauti, mama yako akiwepo na ndugu zako, na yeyote anayepita njiani. Wote wasikie kwamba joint ile ilikuwa yako. Mimi nilishika tindo tu.

Nisamehe, Mama Ngoie. La kurudi sikuombi. Hilo utalisema wewe, au hutalisema. Akimaliza kusoma, wewe mwenyewe uichukue hii karatasi, uiweke.

Mimi mumeo,
Baba Ngoie