Mkono Laini, Lile Bega Halikuwa la Kazi

Mwaka umetimia, dada yetu, tangu ulipotoka saluni umejishika bega, ukamwambia mteja akusubiri kidogo.

Walikuita Mkono Laini kwa sababu ulisuka kichwa kizima bila mtu kutoa chozi. "Tulia, shoga, leo mumeo atadhani amekosea nyumba," ulikuwa ukisema, na saluni nzima inacheka. Jioni ulikuwa ukilala kifudifudi sakafuni, ukimwita mwanao akukanyage mgongo.

Mwanao huyo ulimzaa kwa upasuaji. Basi tumbo lilipokuuma upande mmoja na damu ikawa inatoka kidogo kidogo, zahanati walibonyeza kovu wakasema linavuta. Ukataja na bega. Daktari akacheka.

"Wasusi wote mabega mabovu, mama. Kapumzishe mikono."

Ukarudi na vidonge vya maumivu. Nasi tukaamini, maana msusi gani asiyelala na bega la kuchuliwa? Mama akakuchua kwa mafuta ya moto mpaka tukadhani umepata usingizi.

Ulikuwa unazimia. Mimba ilitunga kwenye mrija badala ya mfuko wa uzazi, mrija ukapasuka, na damu iliyojaa tumboni ndiyo iliyokuchoma hadi begani. Haya tumeyajua tumeshakuzika, kwa kusoma wenyewe. Kipimo cha mkojo kingeonyesha una mimba. Picha ya tumbo ingeonyesha haiko mahali pake. Ikiwahiwa, hutibiwa kwa sindano au upasuaji. Mashine ya picha ilikuwepo pale zahanati. Chumba kilikuwa kimefungwa, mwenye ufunguo yuko semina.

Kaka yako amesimama kila mkutano wa mtaa, kila mara anajibiwa kwamba suala lako linafanyiwa kazi. Juzi alipita pale zahanati, akamkuta dada mmoja anatoka amejikunja, mkono pale pale lilipokuwa kovu lako, vidonge mfukoni. Akamsihi aende hospitali kubwa siku ile ile.

"Kaka yangu," yule dada akamjibu kwa upole, "daktari ameshaniona."

Akaenda zake.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado anakutengea upande wako wa kitanda, mwanao, mama, kaka yako, wadogo zako, na wasusi wenzako wote. Tutakukumbuka siku zote, Mkono Laini. Kingine cha kukuahidi hatuna.